Msalaba wa Mninga na Kitambi cha Otto

Otto, mwana wa marehemu Thadei, hakuwa mgonjwa. Hakubadili dini. Hakuchanjwa chale na mganga yeyote, wala hakumeza vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa stendi kwa kunong'onezana. Yote hayo yalisemwa mtaani Mjimwema, Songea, na mengine yalisemwa na watu waliowahi kula ubwabwa wa harusi na kulia msiba ndani ya nyumba hiyo. Kwa kuwa waliosema hawakuona haya kusema, hakuna haya kueleza ilivyokuwa.

Nyumba yenyewe inajulikana. Imesimama juu kidogo ya barabara, ina ua wa michongoma uliokatwa ukanyooka kama mstari wa rula, na mwenye ua huo ni Mwalimu Kunegunda, mjane wa Thadei. Alistaafu akiwa mkuu wa shule. Mpaka leo watu wenye wajukuu wakimwamkia hukunja vidole kiganjani, kana kwamba atawakagua kucha.

Baba mkwe wake, Mzee Leo, alikuwa seremala, na ndiye aliyeutengeneza msalaba wa mninga unaopandishwa kilimani kila Ijumaa Kuu. Jumuiya hupokezana kuubeba kituo hadi kituo, wanaume wawili wawili. Lakini ukifika kituo cha kumi na moja, pale njia inapoacha kuwa njia ikawa mawe, wote hukaa pembeni, na mwanamume mmoja wa nyumba ya Leo huutia begani peke yake mpaka kileleni. Hakuna padri aliyeagiza hivyo. Ilianza siku Mzee Leo alipoona wenzake wanauyumbisha mti wake, akawaambia wampishe. Baada yake alibeba Thadei, mpaka sukari ilipomkata mguu, na baadaye ikamchukua mwenyewe. Ilikuwa sukari, si kitu kingine. Watu hawakumuuliza mjane. Walikuwa wamekwisha kujijibu.

Baada ya Thadei, zamu ikawa ya Otto.

Otto hakuwa mtoto wa vitabu, jambo ambalo mama yake alilimeza polepole, kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Alipenda injini. Alianza kwa kuosha malori, akawa utingo, akawa dereva, na kwa miaka sasa anaendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa mazao kati ya Songea na Tunduru, saruji na bati kwenda, korosho na mpunga kurudi. Hajaoa bado, analala chumba cha uani. Ni mtu mpole, mcheshi, asiyejua kukataa sahani, na barabara ile ina sahani nyingi. Chipsi mayai Namtumbo, soda baridi kwa ajili ya joto, na akirudi mjini jioni, kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, cha kukaanga na bia pamoja na madereva wenzake. Akifika nyumbani mama yake naye amemfunikia ugali wa kutosha watu wawili, kwani mtoto akilala na njaa ni aibu ya mama. Kitambi kikaja, kikakaa, kikaanza kugusa usukani. Watu walimsifia. Walimwambia mambo yake safi, naye alijipiga tumbo akacheka.

Mpaka Ijumaa Kuu ya mwaka juzi. Alipokea msalaba kituo cha kumi na moja, akaanza kupanda mawe, na kabla hajafika nusu ya mwinuko akautua. Hakuuangusha, aliutua, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini alisimama ameshika magoti, jasho linamdondoka puani, anahema hadi kwaya ikapoteza wimbo, na Fulgence wa kamati ya liturujia akatoka mstarini akaja kushika upande mmoja. Walifika kileleni wakiwa wawili. Tangu Mzee Leo, haikuwahi kuwa wawili.

Hakuna aliyecheka. Walikohoa. Mwalimu aliwaambia watu kwamba kijana ana malaria, na kwa kuwa alisema kwa sauti ile ya paredi ya asubuhi, hakuna aliyepinga. Otto alisikia.

Baada ya hapo aliacha kula. Si kupunguza, kuacha. Asubuhi maji ya ndimu, mchana kabichi la kuchemsha, jioni nimeshiba, Mama. Siku asizokuwa na safari alikimbia barabarani mpaka akarudi anapepesuka. Kitambi kilipungua, ni kweli, lakini vingine vilipungua zaidi: mashavu, shingo, mikono, hata suruali ikaning'inia nyuma. Yule aliyekuwa akibeba mfuko wa saruji kama mto wa kulalia akaanza kuwaomba wapakuzi wamsaidie. Mama yake alipika kila alichojua, akafunika, akaja kufunua, akakuta vilevile.

Mtu mnene akikonda bila kutangaza sababu, watu humtafutia. Aliyetafuta kwa bidii kuliko wote ni Devota, mwenyekiti wa jumuiya, ambaye ua wake unagusana na wa Mwalimu. Jumamosi moja alikuja na akina mama wenzake, kanga mabegani, wamebeba unga wa lishe, machungwa na kuku aliyefungwa miguu. Wakaketi sebuleni, wakapunguza sauti. Mwalimu aliwatazama, akamtazama kuku, akaelewa. Hivyo ndivyo watu wanavyokwenda kwa mgonjwa.

"Tumekuja kumjulia hali mgonjwa wetu," alisema Devota.

"Mgonjwa yupi?"

"Mwalimu, sisi ni jumuiya. Usibebe peke yako. Hata mhudumu wa Ekaristi tumeshamwomba awe anapita Ijumaa, ili mgonjwa asikose Komunyo."

Kwa bahati mbaya Otto aliingia wakati huohuo. Tangu jana yake alikuwa na kabichi tu tumboni, na salamu yake ilitoka kama ya mtu anayeongea kutoka ndani ya pipa. Mama mmoja akajifuta macho kwa pindo la kanga. Mwalimu aliwashukuru wote, akawarudishia kuku na machungwa. Unga wa lishe aliubakiza, maana kurudisha vyote kungekuwa ugomvi.

Walipoondoka alimwuliza mwanawe ana nini. Otto akajibu kwamba yuko sawa. Mwalimu alikuwa amelisikia jibu hilo kwa watoto wa watu maisha yake yote ya kazi, na alijua uzito wake. Thadei naye alianza kwa kukonda, na kwa kuwa sawa.

Halafu msimu wa korosho ukaja, na Otto akarudi kutoka Tunduru akiwa mtu mwingine. Alianza kula tena, lakini alikula kama mtu mwenye sheria zake. Ugali alimega kiasi cha ngumi yake, akausogeza pembeni uliobaki. Maharage alijaza bakuli. Akaleta trei za mayai, akaleta dagaa wa Nyasa kwenye mfuko, akaomba mboga za majani ziongezwe na mafuta yapunguzwe. Mama angepaswa kufurahi. Hakufurahi, kwa sababu vitu vingine viliondoka siku hizohizo bila kuaga. Bia iliondoka. Kitimoto kiliondoka. Madereva wenzake walipita kumwita jioni, naye akawajibu kutoka dirishani kwamba hiyo basi tena.

Mwanamume wa Mjimwema, Mkatoliki, mwana wa Thadei, anaacha bia na kitimoto kwa mpigo mmoja. Mwalimu aliliweka hilo kichwani akasubiri lingine.

Lingine lilikuwa mkeka. Aliuona umeegeshwa nyuma ya mlango wa chumba cha uani, mkeka mpya wa ukili, na alipouliza ni wa nini Otto alisema wa kujinyoosha mgongo. Kisha ikawa sauti ya mwanamke kwenye simu. Otto alikuwa ananawa mikono, simu iko mezani imewekwa sauti kubwa, na yule mwanamke, Mwalimu hakumjua, alianza kwa asalaam aleikum, akamwuliza kama anaamka alfajiri kama walivyokubaliana, akamwambia asikate tamaa, inshaallah kabla ya Pasaka atajiona mwenyewe. Otto aliikimbilia simu na povu la sabuni mikononi.

"Nani huyo?"

"Anaitwa Biasha, Mama. Mtu wa Namasakata, kule Tunduru."

"Mtu wa nini?"

"Mtu tu."

Mwalimu hana ugomvi na Waislamu. Amefundisha watoto wao, amekula pilau la Idi kwao, na daktari aliyemtunza Thadei hadi mwisho alikuwa Mwislamu ambaye hadi leo anamwombea. Lakini kijana akitaka kuvuka kwenda upande wa pili huvuka mchana, akiwa amewaaga wa kwao. Hafanyi kwa mkeka nyuma ya mlango. Na mtu aliyevuka hawezi kuubeba msalaba wa Mzee Leo, wala nyumba nzima haina mwanamume mwingine wa kuubeba.

Mwaka uliofuata Kwaresima na Ramadhani ziliingia karibu pamoja, na hapo ndipo Fulgence alipokuja. Alivaa shati la kanisani siku ya kazi. Alikunywa chai yote kwanza, akasifu michongoma, kisha akasema kamati imekaa na imeona, kwa upendo tu, Otto apumzishwe mwaka huu. Yeye Fulgence na mwanawe wangeweza kusaidia ile sehemu ya mwisho.

"Kamati imekaa lini?" aliuliza Mwalimu.

"Tulikutana wachache."

"Wachache ni wangapi zaidi yako?"

Fulgence alitazama ndani ya kikombe. Kisha akasema, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali, kwamba watu wanaona. Kijana anapukutika. Akianguka na mti ule juu ya mawe, itakuwa msiba, na aibu juu ya msiba.

Mwalimu alikuwa na mengi ya kujibu na alijibu moja. Alisema Otto ni mzima, na ataubeba. Akasema tena, bila kuombwa, kwamba akiutua mwaka huu hata kwa kupumua, basi sehemu hiyo ichukuliwe na nyumba ya Fulgence moja kwa moja, yeye na wanawe na wajukuu wake. Fulgence aliondoka haraka, kama mtu aliyepewa kitu na anaogopa kitaombwa kirudi.

Neno lilikuwa limetoka. Mwalimu hakulala vizuri, na adhana ya alfajiri iliposikika kutoka upande wa sokoni, alikuwa tayari macho. Akasikia mlango wa uani. Akavaa kandambili, akapita nyuma ya jiko, akasogea kwenye dirisha la mwanawe ambalo pazia lake lilikuwa halifiki mwisho.

Otto alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka. Akainama, mikono mbele, paji la uso likashuka taratibu mpaka karibu na sakafu.

Mwalimu hakungoja ainuke. Alirudi jikoni akakaa kwenye kigoda bila kuwasha moto. Ameweka heshima ya nyumba mikononi mwa Fulgence kwa ajili ya mtoto ambaye yeye mama yake hajui hata anaswali wapi. Alikaa pale mpaka kukapambazuka, na alipoinuka alikuwa amekwisha kuamua. Alimwambia Otto kwamba safari ijayo watakwenda wote, anataka kumwona rafiki yake wa chuo aliyeko Tunduru.

"Rafiki gani, Mama?"

"Humjui."

Otto alijua hakuna rafiki. Alipangusa kiti cha abiria, akaweka mto.

Njia nzima Mwalimu alitazama. Walipofika Namtumbo, mama lishe alimwona Otto akaanza kukata viazi, Otto akamzuia kwa mkono, akaagiza maharage, mayai ya kuchemsha, mboga na ugali kidogo. Mama lishe akamtania, akisema tangu amuache chipsi zake amekuwa kama mchumba aliyekimbia mahari. Mwalimu hakucheka. Aliangalia mikono ya mwanawe ikimenya yai. Ilikuwa imerudi kuwa mikono. Kifundo kilikuwa kinene, mshipa umetuna, na hilo nalo alilishuku. Mtu haponi hivi hivi bila kupewa kitu.

Saruji ilikuwa ya Namasakata. Wakati wapakuzi wanashusha, Otto alimwonyesha mama yake nyumba moja jirani na zahanati, akasema, basi, nenda ukamwone huyo rafiki yako. Kumbe alikuwa ameelewa tangu Songea.

Mwalimu alikuwa amejiandaa kukutana na msichana. Alikuwa amepanga hata maneno, ya heshima lakini mazito. Aliyetoka kumpokea alikuwa mama wa makamo mwenye mabega mapana kama mlango, ushungi wa kijani, mjukuu mmoja ameng'ang'ania gauni lake.

"Shikamoo Mama," alisema Biasha. "Wewe ndiye Mwalimu. Karibu, mimi nimefunga lakini wageni hawafungi."

"Marahaba." Mwalimu aliketi, akakataa chai, akaweka mkoba magotini. "Bibi Biasha, mimi ni mtu mzima, sizunguki. Umemsilimisha mwanangu?"

Biasha aligeuka akamwita Otto aliyekuwa anakuja na mfuko wa saruji begani.

"Otto, njoo usikie. Mama yako ananiuliza kama nimekusilimisha." Akamgeukia Mwalimu. "Mama, huyu nimepigana naye mwezi mzima aache soda tu. Nikihamia kwenye dini tutafika lini?"

"Ameacha bia. Ameacha kitimoto."

"Nilimwambia aache nyama ya kukaanga na bia kila usiku. Hiyo nyama yenu mimi hata sijui inavyonukia."

"Na mkeka? Nimemwona kwa macho yangu, alfajiri, anasujudu."

Otto alitua mfuko. Uso wake ulibadilika, akawa kama mtoto aliyekutwa na embe la jirani. Alipiga magoti pale uani, akaweka viganja chini, akanyoosha miguu nyuma, na mwili wote ukiwa umenyooka kama ubao akashuka mpaka paji la uso likakaribia vumbi, akapanda, akashuka tena, akapanda. Mjukuu wa Biasha akaja akalala kando yake akamwigiza.

"Pushapu, Mama," alisema Otto akiwa chini.

"Akiswali hivyo msikitini kwetu," alisema Biasha, "tutamrudisha madrasa aanze upya."

Mwalimu Kunegunda hacheki ovyo. Siku hiyo ilibidi atoe leso ajifanye anajifuta vumbi.

Ndipo aliposimuliwa. Wakati wa korosho lori lilipasuka tairi Namasakata. Otto aliinama kufungua nati, macho yakamtia giza, akaanguka ubavuni mwa lori lake. Watu wakambeba hadi zahanati, na Biasha ndiye muuguzi aliyekuwa zamu. Akampima. Sukari ilikuwa imeanza kupanda, haijafika kubaya, lakini njia yake inajulikana. Akamwuliza anakula nini, na aliposikia habari ya kabichi na kukimbia, alimwambia ukweli. Mwili ukinyimwa chakula haubagui, unakula mafuta na unakula nyama ya mikono. Alikuwa ameacha kitambi kimebaki nusu na misuli imeliwa zaidi ya nusu, na misuli hiyohiyo ndiyo inayosaidia kuishusha sukari. Alichotakiwa ni kula, si kufunga: kipande cha ugali, maharage au samaki au yai kila mlo, mboga nyingi, sukari na mafuta kidogo. Na misuli ipewe kazi nzito, pushapu, kuchuchumaa na kuinuka na ndoo za mchanga, siku moja kazi, siku inayofuata mapumziko na kutembea tu. Misuli ikiwa na kazi na ikiwa na chakula, mwili unaiheshimu, unakwenda kuchukua mafuta. Mizani haitashuka haraka, alimwambia, usiitazame. Tazama mkanda wako.

Otto aliinua shati. Mkanda ulikuwa umetobolewa matundu mapya kwa msumari.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza Mwalimu.

Otto alikung'uta vumbi mikononi.

"Baba alipougua ulisema hayo ni ya humu ndani, yasitoke. Nami nimeyaweka ndani."

Biasha alikuwa na adabu ya kwenda kumfunga mjukuu kamba ya kiatu. Aliporudi alikuwa ameshika kipimo kidogo cha sukari.

"Na wewe Mama, nipe kidole."

Mwalimu alisema hakuja kwa ajili hiyo. Biasha akasema hakuna anayekuja kwa ajili hiyo. Otto akatumwa kukagua matairi, na alichoambiwa Mwalimu alipokwisha kupimwa alikisikia yeye na Biasha peke yao.

Ijumaa Kuu mawingu yalikuwa mazito, na usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha. Msalaba haukuwa kwenye stoo ya kanisa ulikokaa miaka yote. Ulikuwa umeegeshwa nje ukutani, umeloa, na mninga ukinywa maji huwa na uzito wa mambo mengine. Mwenye ufunguo wa stoo ni Fulgence. Alisema aliutoa jioni kwa nia njema ili kuwahi asubuhi. Huenda ni kweli. Mwalimu aliupitisha mkono kwenye mti, akautazama unyevu kiganjani, akamtazama Fulgence, akaingia mstarini.

Otto alikuwa amevaa shati la mwaka juzi, lilelile. Akina mama waliliona linavyopwaya tumboni wakasogeleana kunong'ona. Hawakuliona mabegani, ambako mshono ulikuwa umekaza hadi unataka kufumuka.

Walipanda. Kituo cha kumi kilikuwa cha Fulgence na mwanawe. Fulgence alichukua mbele, na kabla hata hawajafika mahali pa kupokezana alianza kuburuta kiatu, kitambi kinapanda na kushuka ndani ya lile shati la kanisani, mdomo wazi. Kama ni yeye aliyeuacha uloe, basi alilipwa palepale. Otto hakungoja afike. Alitoka mstarini, akaenda akauingiza bega chini ya mti, akasema, "Leta, Baba, umefanya vya kutosha," na kwa namna alivyosema hakuna aliyeweza kusema ni dhihaka.

Kisha mawe. Mwalimu alikuwa nyuma kidogo, rozari mkononi, na midomo yake ilikuwa inakwenda lakini si kwa sala. Alikuwa anatazama magoti. Mwaka juzi magoti ndiyo yaliyotangulia kusaliti. Otto aliweka mguu, akabonyea kidogo kama anayechuchumaa na ndoo, akainuka. Akaweka mwingine. Palipokuwa pamemshinda mwaka juzi, jiwe lile jeupe lenye ufa, alisimama.

Devota alishika mkono wa Mwalimu. Fulgence, chini, alinyanyua kichwa.

Otto alikuwa anahamisha mti kutoka bega la kulia kwenda la kushoto. Aliuhamisha bila kuutua, mikono ikiwa juu, maji ya mvua yakimtiririka kwenye shingo, akaendelea. Alipofika juu aliusimika kwenye shimo lake peke yake, akaushikilia mpaka wanaume walipokuja na mawe ya kukazia. Alikuwa anahema, ndiyo. Mtu mzima huhema.

Wakati wa kushuka watu walimpigapiga mgongoni, na kufikia chini maneno yalikuwa yameshageuka. Sasa ilikuwa amepewa dawa. Mwingine alisema ni sindano za wanyanyua vyuma. Mwingine alikuwa amesikia kuna mama wa Kiyao huko Tunduru. Fulgence alikuja akampa Otto mkono na akasema mbele za watu kwamba sehemu ya mwisho ina wenyewe. Alisema hivyo, na isemwe kwamba alisema.

Devota alitembea na Mwalimu mpaka kwenye kona ya michongoma. Alikuwa na swali tangu kileleni na lilikuwa linamwasha.

"Mwalimu, niambie mimi tu. Mmempa nini?"

"Maharage."

"Mwalimu."

"Na mayai. Na dagaa. Na kazi ya kunyanyua vitu vizito, na siku za kupumzika. Waambie na wenzako, kuku wao wawapikie waume zao, wasikaange."

Devota alicheka, kisha akaacha. Alisogea karibu. "Na wewe je? Nakuona siku hizi unapanda kilima asubuhi, na ndoo ya mchanga mkononi. Ugali wako nao umekuwa wa ngumi moja. Huko Tunduru mliambiwa nini?"

Mwalimu Kunegunda alifungua mlango wa ua, akaingia, akaufunga, akaweka komeo. Akamtazama jirani yake juu ya michongoma kwa macho yaleyale ya paredi.

"Ya Otto nimekueleza. Yangu sisemi."